Uso wa Kuazima

Nyo. Nyo. Nyo.

Maricruz alifumbua macho gizani akasikiliza. Ilikuwa saa nane, usiku wa kuamkia sikukuu ya watoto waliokufa, na sebuleni, kwenye meza waliyomwandalia marehemu Evaristo, kitu kilikuwa kinanyonya, taratibu, kama mtoto mchanga aliyelipata titi baada ya kulililia sana. Alidhani ni paka. Akapapasa kitandani upande wa Citlali, binti yake wa miaka mitatu. Shuka lilikuwa baridi.

Alimkuta sebuleni, amekaa juu ya maua ya manjano waliyoyamwaga tangu mlangoni ili marehemu aione njia, anaitazama picha iliyo mezani. Halii, hasinzii. Anatazama tu.

Picha hiyo Maricruz aliichora mwenyewe kwa penseli, wiki nzima. Evaristo, pacha wa Citlali, aliishi siku tisa na hakuna aliyewahi kumpiga picha. Kila mwaka meza yake ilikuwa na mishumaa, mikate na mafuvu yaliyofinyangwa kwa sukari, lakini haina uso. Mwaka huu akasema basi, nitamchora. Akachora meza yote ilivyo, na maua yake, na karatasi zilizokatwa nakshi, na moshi wa ubani, na katikati akamketisha mtoto wa miaka mitatu. Uso wake hakuukumbuka. Kwa hiyo alikaa kando ya Citlali aliyelala akauchora wa Citlali. Pacha si ni pacha?

Mumewe Eleuterio alipoiona alicheka. "Pua ya mama yangu hiyo! Maskini mwanangu, hata kifo hakikumwokoa." Kisha akalia, akapakia maua yake akaenda kuyauza mjini.

Asubuhi Citlali aliusukuma uji.

"Nimeshakula."

"Umekula wapi, we?"

"Mezani. Na yule."

Maricruz akamega mkate wa mezani akautia mdomoni. Ulikuwa kama karatasi. Ladha yote imeshaliwa, kama wafu wanavyokula. Akaushika mkono wa mtoto, ulikuwa baridi, unanuka ubani.

"Amesema kengele za saa sita mchana zikilia tunaondoka," Citlali alisema.

"Nani na nani?"

"Mimi na yeye. Amesema wewe hutalia, kwa sababu utabaki na picha."

Hakuvaa hata viatu. Alimbeba mtoto mgongoni, picha kwapani, mbio hadi kwa Bibi Obdulia, mganga aliyemsimamia Citlali ubatizo. Bibi alimpitisha mtoto yai mwili mzima, akalivunja kwenye glasi ya maji. Likatoka jeupe tupu, halina kiini. Ndipo akaitazama picha.

"Huyu nani?"

"Evaristo."

"Usinidanganye. Huyu nilimbeba mwenyewe kanisani. Umemweka aliye hai kwenye meza ya wafu! Una akili kweli, wewe?"

"Sikuwa na uso mwingine, Bibi."

Bibi Obdulia akapoa kidogo. "Sasa na yeye hana mwingine. Amepewa wa dada yake, lazima aondoke nao. Ichome yote, mwanangu, kabla ya kengele. Atakwenda zake analia, lakini atakwenda peke yake."

Maricruz alirudi akawasha jiko, akaishika picha juu ya moto, na Citlali yuko pale sakafuni anazidi kuwa mweupe, midomo inamkauka, macho hayapepesi, na saa ukutani inakwenda, na kila akitaka kuiachia anaviona vile vidole vitano alivyovichora kwenye ukingo wa meza, vidole hivyo hakuviazima kwa mtu, anavikumbuka, vilimshika kidole chake siku zote tisa, na mkono wake ukakataa kabisa kufunguka. Kengele ya kwanza ikalia. Akachovya kidole gumba kwenye glasi ya maji aliyowekewa marehemu mezani, akausugua uso. Uso peke yake. Akasugua mpaka karatasi ikatoboka.

Citlali akapiga yowe. "Mama, njaa!"

Alikula tamale tatu, vile vitumbua vya unga wa mahindi vilivyopikwa kwa mvuke, akadai ya nne. Jioni Bibi Obdulia akachungulia mlangoni.

"Umeichoma?"

"Nimeichoma, Bibi." Ilikuwa chini ya godoro.

Usiku ule walilala wamekumbatiana. Maricruz alizinduliwa na unyevu. Blauzi ilikuwa imelowa kifuani. Maziwa, yeye aliyemwachisha Citlali ziwa zamani.

"Mama," Citlali alinong'ona. "Hajaondoka."

"Nyamaza, mwanangu."

"Umemfuta macho. Hakuiona njia. Yuko chini ya meza, analia, ila hana mdomo."

Maricruz alijua la kufanya. Kulikuwa na kiberiti jikoni, na picha iko hapo chini yake. Badala yake aliinuka, akaenda gizani akipapasa ukuta, akaketi juu ya maua yaliyonyauka na kufungua vifungo. Kitu kidogo, baridi kama jiwe la mtoni, kikampanda mapajani. Kikabonyeza kwenye titi mahali ambapo mtu angekuwa na pua, na kidevu, na hapakuwa na kitu, ni ngozi laini tu, mpaka pale kati pakaanza kufunguka polepole. Vidole vitano vikakishika kidole chake. Alivijua.

Nyo. Nyo. Nyo.

Citlali alikuwa amesimama mlangoni.

"Tumwambie Bibi Obdulia?"

"Hapana."

"Na baba?"

"Hata baba. Tunajua wewe na mimi, basi. Niahidi."

Mtoto alimtazama mamake, akakitazama kilichopakatwa.

"Naahidi, Mama. Simwambii mtu mwingine."