Picha ya Ekwaro Ubaoni

"Beldina, nani amebandika hii picha hapa?"

Beldina alikuwa ameinama akisukuma matope ya mvua kwa ufagio. Sauti ya kaka yake aliijua kabla hajainua kichwa. Gordon alikuwa amesimama nje ya studio ya Nasir, mwanamume ambaye Beldina aliishi naye bila ndoa, mbele ya ubao wa picha, soko la Busia likivuma nyuma yake. Kidole chake kilikuwa juu ya picha moja.

"Ni mimi. Picha za mkutano zimetoka. Watu wakuje wachukue zao."

"Eeh? Basi na mimi nimekuja kuchukua yangu. Hebu angalia vizuri."

Beldina akaangalia.

Pichani, chini, alikuwa amelala Ekwaro, kijana wa Moding aliyeendesha boda boda kati ya geti la Kenya na geti la Uganda. Baiskeli yake ilikuwa kando, kibendera cha chama cha Mwiko bado kimefungwa kwenye usukani. Juu ya kichwa chake kulikuwa na rungu hewani, na aliyelishika, meno nje kama mtu anayecheka, alikuwa Gordon.

Studio zote za mpakani zilifanya kazi hivyo. Mpiga picha anapiga watu sokoni, harusini, mkutanoni, kisha anabandika zote nje, na kila mtu anajitafutia uso wake. Asubuhi hiyo Beldina alizikuta picha zimekauka kwenye kamba, akazibandika huku akipiga domo na Hadijah, jirani yao mwenye simu ya kulipia. Hakutazama hata moja. Mazoea yana taabu.

"Gordon... si redio ilisema Ekwaro aliuawa na lori?"

"Ni lori."

"Na hii?"

"Hii ni karatasi." Akaing'oa, akaitia mfukoni. "Negativu iko wapi?"

"Sijui."

Kofi lilimkuta kabla hajamaliza neno. Akaanguka juu ya ufagio wake. Desemba hiyo ya 1997, wiki za mwisho za kampeni za urais, Gordon ndiye aliyeongoza vijana wa chama cha Nyundo mjini, kazi yake ikiwa kuwanyamazisha watu wa Mwiko. Sasa alipiga mluzi, na vijana wake wakaingia studio. Beldina alisikia kioo kikivunjika, kisha viti, kisha ile kamera kubwa ya miguu mitatu ambayo Nasir aliifuta kila asubuhi kama mama anavyomwosha mtoto. Dawa za kuoshea picha zikamwagika hadi mlangoni.

"Mimi ni ndugu yako," Gordon akasema, akihema. "Huyo Nasir ni mtu tu amekuja. Nitafutie hiyo negativu, ama nitamtafuta mwenyewe."

Wakaondoka. Watu waliokuwa wakinunua nyanya wakarudi kununua nyanya.

Hadijah alikuwa bado anamfuta damu mdomoni simu ilipolia.

"Ni Nasir, yuko Malaba. Shika, nyabo, dada yangu."

"Beldina? Zile picha ziko kwa kamba, usiguse hata moja."

"Nimezibandika."

"Zote?"

"Zote. Gordon ameiona. Wamevunja studio yote, Nasir."

"Ya Rabbi. Wewe wamekuumiza?"

"Kwa nini hukuniambia?"

"Beldina..."

"Siku ngapi tunalala na kuamka pamoja, na kwa simu hii nimekusomea kila kitu unamtumia Fazila! Kwa nini hii hukuniambia?"

Ni kweli. Tangu kampeni zianze, Nasir aliandika aliyoyaona mpakani: kura zilizonunuliwa, mikutano iliyovunjwa, watu waliopigwa. Beldina aliyasoma kwa simu kwa Fazila, binamu yake Nasir, aliyefanya kazi na kompyuta Nairobi. Fazila aliyatuma kwa barua pepe kwa Wakenya waliokuwa Uingereza na Amerika. Wao walikasirika, wakajibu, wakayarudisha nchini kwa faksi, na nakala zikaishia mikononi mwa madereva wa malori kwenye foleni ya Malaba. Walioyasema hawakujulikana. Karatasi ilijulikana: Habari za Mpakani.

"Ningekuambia nini?" Nasir akasema. "Kwamba ndugu yako ameua mtu?"

"Ndiyo! Hivyo tu! Kwani uliniogopa?"

"Nilikuogopea."

"Usinidanganye."

Alisikia malori yakinguruma kule Malaba. Kisha Nasir akasema polepole, "Sawa. Nilikuogopa. Damu ni nzito kuliko maji, Beldina. Nilisema nitafute dereva wa kupelekea Fazila negativu, ndio nikwambie."

Hilo lilimuuma kuliko kofi.

"Basi niambie sasa. Ziko wapi?"

Beldina alijua anapimwa, na akajua akipoteza hapa amepoteza mume.

"Ndani ya mkebe wa majani chai," hatimaye akasema. "Ule wa juu ya... Wee! Wee, niache! Beldi..."

Kilichofuata ni kishindo, matusi, na mlio mrefu wa simu iliyokatika.

Mkebe aliukuta juu ya kabati, mzima, majani chai juu na negativu chini, zimefungwa kwa nailoni. Jioni alikuwa amezificha ndani ya sidiria simu ya Hadijah ilipolia tena. Hadijah aliisikiliza, akampa.

"Dada, vijana wameniletea mtu wako kutoka Malaba," Gordon akasema. "Lete hiyo kitu kwa stoo ya mahindi, nyuma ya stendi. Ukichelewa utambeba na gunia."

"Usiende," Hadijah akamshika mkono. "Peleka polisi."

"Polisi gani? Si hao ndio waliandika lori?"

Stoo ilinuka mahindi mabichi yaliyopigwa na mvua. Nasir alikuwa ameketi juu ya gunia, amefungwa kwa kamba ya katani, jicho moja limeziba. Mkono wake wa kulia, ule wa kubonyeza kamera, ulikuwa juu ya ubao, na vidole havikuwa tena na umbo la vidole. Jiwe lilikuwa kando, na damu yake.

"Woi, Nasir!"

"Usimpe," Nasir akasema kwa midomo iliyovimba. "Beldina, usimpe. Ekwaro ako na watoto."

Gordon akaokota lile jiwe. "Bado mkono wa kushoto."

Beldina hakufikiri. Alitoa nailoni kifuani, akaitupa miguuni kwa kaka yake. Gordon akawasha kiberiti. Negativu zikajikunja na kunuka vibaya, na sura ya Ekwaro ikaisha hivyo, kwa moto wa kijiti kimoja.

"Unaona sasa?" Gordon akatabasamu. "Damu ni damu."

Beldina alimshika Nasir watoke pale, lakini Nasir aliuondoa mkono wake.

"Umemuua mara ya pili," akamwambia.

Kesho yake, wodini, Nasir alisema mengine.

"Nenda kwenu Sio Port, Beldina."

"Saa hii ungekuwa maiti!"

"Na wewe ungebaki na ukweli."

"Sikutaka ukweli, nilitaka wewe!"

Wagonjwa wote wakageuka. Nasir naye akageuka, lakini ukutani.

Beldina hakwenda Sio Port. Alilala kwa Hadijah, akalia hadi macho yakawa madogo, na Jumamosi akavaa leso nyeusi na kuomba apelekwe Moding kwenye mazishi.

"Utafanya nini huko na uso umevimba hivyo?" Hadijah akauliza.

"Nitamwangalia Amongin, mke wa marehemu. Nikishamwangalia nitajua."

Hadijah akatia kwenye kikapu ile redio kaseti ndogo ambayo Nasir alirekodia mikutano, chini ya sukari ya matanga.

Mvua ya El Nino ilikuwa imepumzika kidogo. Waendesha boda boda walikuwa wamekuja wengi, baiskeli zao zimelazwa kwenye shamba la mihogo. Jeneza lilikuwa chini ya turubai. Mara gari la kampeni likaingia na bendera ya Nyundo, na nani akashuka? Gordon. Kwapani ana blanketi, nyuma yake vijana wamebeba magunia ya unga. Kweli aibu ina wenyewe. Akachukua maikrofoni.

"Mheshimiwa wetu anasema pole sana mama Amongin. Huyu kijana alikuwa ndugu yetu. Shida ni barabara. Mkipigia Nyundo kura, lami itafika hapa, na lori halitaua mtu tena."

Wengine walipiga makofi, kwa woga au kwa njaa. Amongin alikuwa ameketi kwenye mkeka, mtoto mgongoni, anatazama lile blanketi. Alionekana kama mtu anayejua na hana wa kumwambia.

Beldina akamwangalia, na akajua.

Alipita katikati ya watu hadi mbele. Gordon alitabasamu, akidhani dada yake amekuja kumsalimia. Beldina akampokonya maikrofoni.

"Mimi ni Beldina, mtoto wa Ochuodho, wa Sio Port. Huyu ni ndugu yangu wa tumbo moja. Picha ilikuwako, nimeiona kwa macho yangu, nikampa akaichoma. Nilikosea, Amongin, nisamehe. Lakini macho yangu hajachoma. Hakuna lori! Ekwaro ameuawa na Gordon, kwa rungu, kwa sababu ya kibendera!"

Kisha shamba zima likainuka.

Vijana wa Nyundo walikuwa wa kwanza kukimbia, wakamwacha mkubwa wao. Rungu na pampu za baiskeli zikaanza kushuka. Mtu alimpiga Gordon kwa mti wa turubai, akaanguka kwenye udongo mbichi wa kaburi. Mwingine akaja na tairi kuukuu, na nyuma yake mtu ana jerikeni ya mafuta taa.

"Mchome! Mchome!"

Beldina akajitupa juu ya kaka yake.

"Sikusema ili mumchome!" akapiga kelele. "Nimesema ili ajibu!"

Jiwe likampata kwenye paji la uso. Damu ikamziba macho. Lingine likampata bega. Chini yake Gordon alikuwa akilia kama mtoto, akimshika nguo, "Dada, usiniache, dada yangu..." Mafuta taa yakamwagika mgongoni mwa Beldina, baridi. Alingoja moto.

Badala yake uzito ukamwangukia, na mkono uliofungwa bendeji ukamkumbatia kichwa.

"Nasir? Ondoka! Watakuchoma!"

"Basi watuchome."

"Si ulinifukuza?"

"Nilikuwa mjinga, nimetoka wodini kukufuata. Nyamaza, inama."

Pampu ya baiskeli ilimshukia Nasir ubavuni, ikamtoa sauti, lakini hakubanduka. Hapo ndipo Amongin aliposimama, mtoto bado mgongoni, akamnyang'anya yule mtu wa jerikeni kiberiti.

"Hii ni matanga ya bwanangu!" akasema. "Mkichoma huyu hapa, kesho wataandika ni moto wa jikoni, kama vile waliandika lori. Mimi nataka aseme mbele ya jaji. Nataka kusikia na masikio yangu. Anayetaka kuchoma aanze na mimi."

Hakuna aliyeanza naye.

Walimfunga Gordon kwa mpira wa baiskeli, na waendesha boda boda wote wakamsindikiza hadi kituo cha polisi, wakikokota baiskeli zao barabara nzima. Ofisa wa zamu alipotaka kuandika neno "ajali", Hadijah alikuwa ameshafika kwenye simu. Alikuwa ameweka redio kaseti, iliyorekodi mazishi yote kutoka kikapuni, mdomoni mwa simu, na kule Nairobi Fazila alisikia yote: lami, lori, sauti ya Beldina, "mchome, mchome". Akaandika neno kwa neno, akayatuma. Jua lilipotoka tena, simu za kituo zilikuwa hazishikiki. Wakenya wa London wanauliza, wa Toronto wanauliza, magazeti yanauliza. Mchana nakala za Habari za Mpakani zilikuwa zimejaa foleni ya Malaba, na kwa mara ya kwanza zilikuwa na jina la aliyesema.

Ofisa aliandika "mauaji".

Nyumbani Sio Port, mama yake Beldina hakumpokea bintiye. Alisema ana watoto wawili, na mmoja amemzika mwenzake akiwa hai. Beldina alikubali. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Uchaguzi ulipita. Nasir alijifunza kubonyeza kamera kwa mkono wa kushoto. Mwezi wa tatu, mama alituma neno moja tu mjini kuhusu posa ya Nasir: "Waje."

Wazee wa Nasir wakaja Sio Port, kanzu zao zimevuta tope la ufukweni. Wakakaribishwa, viti vikapangwa, dagaa wa omena na ugali vikaandaliwa. Nasir alibaki amesimama mlangoni, akingoja kuitwa. Mzee wao akakohoa, kisha akauliza kama inavyoulizwa kila nyumba:

"Tumekuja kwa heri. Lakini tungependa kumwona ndugu wa msichana. Yuko wapi?"

Mama akainamisha kichwa. Desturi ilitaka binti anyamaze, lakini Beldina, kovu bado jekundu kwenye paji la uso, alitokeza kutoka jikoni.

"Yuko rumande," akasema. "Ameua mtu, na mimi ndiye nimempeleka. Kila Ijumaa nampelekea chakula. Nyumba yetu ndiyo hii. Kama mnaitaka, kaeni. Kama hamtaki, njia ni ile mmekuja nayo."

Wazee wakatazamana. Nasir akavuta kiti, akakaa.