Sekunde Kumi na Moja

Saa nne asubuhi, ukumbi wa mapokezi wa hoteli ile haukuwa na pa kuweka mguu. Masanduku ya wageni yaliburutwa huku na huku, mashine ya kufyonza vumbi ilinguruma, na wahudumu walipanga viti mia mbili kwa ajili ya mkutano wa wauza bima. Katikati ya vurugu hiyo, mwanamke mmoja alikuwa ameingiza kichwa chote ndani ya piano.

"Kaka mwenye kalamu," sauti ikatoka humo ndani. "Ndiyo, wewe. Iache."

Mwanamume aliyesimama kando ya piano akatazama mkono wake. Kumbe tangu alipoingia alikuwa akibofya kalamu, ka-ka, ka-ka, bila kujijua.

"Umenionaje na kichwa chako kiko humo?"

"Sijakuona, nimekusikia. Kuna uzi mmoja nausikiliza hapa, na kalamu yako imekaa juu yake kama nzi."

Mwanamume huyo alikuwa mtangazaji wa redio. Kila Jumapili saa nane mchana aliendesha kipindi cha nusu saa kuhusu maisha na muziki wa watunzi wa zamani wa Ulaya, wale wa mawigi na makoti ya vifungo vinavyong'aa. Wenzake walimwita Nusu Saa, kwa sababu ya kipindi, na pia kwa sababu hakuna kiti kilichowahi kumweka zaidi ya hapo. Alikula amesimama. Alipanda ngazi kwa kuwa lifti ilimchelewesha. Ukizungumza naye alikumalizia sentensi, na mara nyingi alikumalizia vibaya. Siku hiyo alikuja kuomba kurekodi kwenye piano ya hoteli, na tayari alikuwa ameshatazama saa mara nne.

"Kwa kuwa umesimama tu," mwanamke akasema, "shika tochi."

Akashika. Hakujua kwa nini alitii. Mwanamke akagonga kibao kimoja, sauti ikajaa, ikapungua, ikawa nyembamba.

"Sasa wewe ndiye unaye..."

"Subiri. Bado inalia."

"Mimi sisikii kitu."

"Ndiyo maana wewe umepewa tochi."

Mwanamke alipoinuka, Nusu Saa aliona uso mpana wenye jasho, kilemba cha manjano, na ovaroli ya bluu yenye mifuko isiyohesabika, kila mfuko na kifaa chake. Mishono yake ilikuwa ya mkono, midogo, iliyonyooka kama mistari ya daftari.

"Nani amekushonea hii?"

"Mama. Ni fundi nguo."

"Fundi nguo asiye na cherehani?"

"Sasa anayo," akasema, akafunga mfuniko wa piano.

Baada ya hapo zilikuwa simu. Nusu Saa alimpigia yule fundi wa piano akiwa kwenye ngazi, akiwa kwenye foleni ya benki, akiwa anapiga mswaki.

"Fundi wangu."

"Leo mimi ni wa piano ya shule. Panya wamekula sponji zote. Unasemaje?"

"Nina habari za Bach. Alipewa likizo ya wiki nne, akatembea kwa miguu kilomita zaidi ya mia nne kwenda kumsikiliza mpiga kinanda mmoja mzee. Akakaa miezi minne!"

"Mwajiri wake je?"

"Alifoka."

"Huyo alijua kusikiliza. Wewe ungefika, ukasikia noti mbili, ukaulizia njia ya kurudi."

"Beethoven naye alikuwa kama mimi. Alihama nyumba mara nyingi hata..."

"Alikuwa kama wewe kwa kuhama tu, mpenzi. Usijipandishe."

Mwezi wa tano, wakishuka ngazi za ofisi ya redio, yeye mbele na Fundi nyuma na mkoba wake wa vyuma, Nusu Saa aligeuka ghafla.

"Nikuoe?"

Fundi akasimama. Akafungua mdomo.

"Basi usijibu sasa," akawahi yeye, "tutazungumza, utafikiri, hakuna haraka, twende tusije tukachelewa."

"Ulikuwa unaniuliza au unanitangazia?"

Nusu Saa akacheka, akamshika mkono, wakaendelea kushuka. Swali likabaki pale kwenye ngazi.

Wiki iliyofuata alikuwa na kipindi cha Haydn, akataka mgeni. Akaenda na kinasa sauti kwenye karakana ya Fundi, chumba kilicho nyuma ya duka la samani, chenye harufu ya gundi na piano tatu zilizovuliwa mbao. Fundi alikubali kwa sharti moja: aendelee na kazi. Basi alijibu akiwa ameinama ndani ya piano, mgongo kwake, na kinasa sauti kikiwa kimelala juu ya mbao karibu na kichwa chake.

"Baba yake Haydn alikuwa fundi wa magurudumu, mama yake mpishi," Nusu Saa akasema. "Hawakujua kusoma noti hata moja. Mama yako je? Ulipomwambia unataka kazi ya piano, alisemaje?"

"Alisema nitakufa njaa."

Akanyamaza. Nusu Saa akasubiri, kwa kadiri yake ya kusubiri, yaani pumzi mbili. Simu ikatetemeka mfukoni. Akatoka kwa ncha za vidole hadi barabarani akaipokea. Aliporudi, Fundi alikuwa ameinuka, anafuta macho kwa mkono wa ovaroli.

"Imetosha?" akauliza.

"Imependeza," akajibu. Alidhani ni vumbi.

Redio kuna kitu wanachokiogopa kuliko matusi hewani, nacho ni kimya. Kikifika sekunde kumi, mtambo huamini kuna hitilafu: hujiwashia muziki wa akiba, na simu ya mkurugenzi wa vipindi hulia popote alipo. Mtu aliyekaa miaka tisa kwenye kazi hiyo hukata kimya kama mpishi anavyotoa mawe kwenye mchele. Nusu Saa alipohariri, aliona kwenye kompyuta mstari mrefu wa sauti uliolala baada ya neno "njaa", na mbele yake vilima vichache. Viatu vyangu, akafikiri bila kuvisikiliza, narudi kutoka kwenye simu. Akafuta vyote. Mwishoni akaongeza sauti yake mwenyewe, yenye kicheko: "Basi wasikilizaji, hata mama zetu hukosea!"

Na katika kipindi hicho hicho alisimulia mzaha wa Haydn: jinsi alivyoweka vituo vya kimya mwishoni mwa muziki, wasikilizaji wakadhani umekwisha, wakapiga makofi, kumbe bado.

Jumapili hiyo saa nane na nusu alimpigia Fundi. Haikupokelewa. Akapiga mara sita. Ya saba ikapokelewa.

"Umesikia? Umetokea vizuri mno, mpenzi wa..."

"Mengine umeyaweka wapi?"

"Mengine yapi?"

"Usinichekeshe. Mama alikuwa na wateja wanne dukani. Amewaita mwenyewe, njooni mumsikie binti yangu. Unajua aliniuliza nini baada ya kipindi? 'Mwanangu, hivyo ndivyo unavyonikumbuka?' Basi. Hajasema jingine mpaka sasa."

"Lakini ulisema mwenyewe..."

"Nilisema na yaliyofuata pia! Ulikuwa umesimama nyuma yangu!"

Nusu Saa hakuwa na la kumalizia.

"Nilitoka kidogo," akasema. "Kulikuwa na simu."

Fundi akasema kwa upole uliomuumiza kuliko kelele: "Nilimwaga moyo wangu kwa mbao. Usinipigie tena."

Alirudi studio kwa miguu. Rekodi nzima ilikuwa bado kwenye kinasa sauti. Akavaa vipokea sauti vya masikioni, akakaa.

"Alisema nitakufa njaa."

Kisha kimya. Akaona mkono wake ukienda kwenye kitufe cha kuruka mbele, akaukalia. Kwa mbali, mlango wa karakana ukafungwa, huyo ndiye yeye akitoka. Kisha akamsikia Fundi akivuta pumzi, akiiachia, akivuta tena. Sekunde kumi na moja.

"Halafu akauza cherehani yake. Akaninunulia ufunguo wa kukazia nyuzi, huu hapa. Miaka miwili alishonea watu kwa mkono. Ovaroli hii pia. Kila mteja aliyemuuliza alimwambia cherehani ipo kwa fundi. Mpaka leo hajanikumbusha hata siku moja. Nami sijawahi kumwambia kwamba najua."

Nusu Saa akabaki ameukalia mkono wake mpaka ukafa ganzi.

Asubuhi akaenda kwa mama. Duka lilikuwa dogo, safi, lina cherehani mbili na redio juu ya kabati, imezimwa. Mama alikuwa mnene, mwenye miwani iliyoteremka puani na pini tatu mdomoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Suruali au shati?"

"Mimi ndiye wa redio."

Akatoa pini moja moja, akazichomeka kwenye kifundo cha nguo. "Ahaa. Ndiwe uliyesema nimekosea."

"Nimekuja kuomba radhi, mama. Kuna maneno niliyakata. Nimekuja nayo hapa, uyasikie..."

"Usiniwashie." Akainua kiganja. "Uliponisema, ulinisema kwa nani?"

"Kwa... kwa wasikilizaji."

"Wote. Hata muuza mkaa wa pale ananitazama kwa huruma. Sasa radhi unaniletea hapa mafichoni, kama mtu anayerudisha sufuria aliyoiiba? Peleka ulikotolea. Na usitingishe hilo goti, unanitikisia meza."

"Ndiyo, mama."

"Na binti yangu usimguse mpaka ufanye hivyo."

Wiki nzima aliihangaikia ile rekodi. Alijaribu kufupisha kimya kiwe sekunde mbili. Akasikiliza: sauti ikawa ya mtu mwenye majibu yaliyopangwa, kama tangazo la sabuni. Akajaribu tano. Bado uongo. Mama alikuwa ndani ya kile kimya, na cherehani ilikuwa inauzwa humo. Kukigusa ni kuiba mara ya pili.

Jumapili, dakika tano kabla ya kipindi, fundi mitambo wa studio, mzee mmoja, akaona ratiba, akavua miwani.

"Nusu Saa, hapa pana sekunde kumi na moja tupu."

"Najua."

"Mtambo unajiwasha kwenye ya kumi. Muziki wa akiba utamwagika juu ya mgeni wako."

"Kuna kitufe cha kuuzuia."

"Cha dharura. Ukikibonyeza bosi anapata ujumbe papo hapo, na alishakuonya mara mbili mwaka huu. Mwezi ujao unataka kula nini, upepo?"

"Kitufe ni kipi?"

Mzee akamtazama, akaguna, akaonyesha chekundu.

Nusu Saa akaingia hewani. Hakuweka muziki. "Jumapili iliyopita niliwaambia kuhusu watu waliopiga makofi kabla muziki wa Haydn haujaisha," akasema. "Mmoja wao ni mimi. Nilimkata mgeni wangu katikati, nikamvunjia heshima mama yake mbele yenu. Mama, nisamehe. Sasa sikilizeni lote."

"Alisema nitakufa njaa."

Kimya kikaingia. Akabonyeza kitufe chekundu, akakishikilia. Tatu. Nne. Goti likataka kuanza, akalikanyagia mguu mwingine. Saba. Nje ya kioo watu walikuwa wameacha kutembea. Tisa. Simu ya mezani ikaanza kumulika taa bila kulia: mkurugenzi. Kumi. Kumi na moja.

"Halafu akauza cherehani yake..."

Alipotoka studio, ujumbe wa mkurugenzi ulikuwa ukimsubiri: kesho, saa mbili kamili, ofisini kwangu. Akausoma, akaurudisha mfukoni. Simu ikalia humo humo.

"Ni mimi," akasema Fundi.

"Mama amesikia?"

"Amefungua redio mpaka mwisho, barabara nzima imesikia. Mteja yuko katikati ya duka na tepu shingoni, hajamaliziwa kupimwa. Ameniuliza nilijuaje habari ya cherehani. Nikamwambia, mama, cherehani gani inakaa kwa fundi miaka miwili? Akanipiga kwa rula. Halafu akanikumbatia."

"Na mimi anasemaje?"

"Anasema redio yenu ina makelele, lakini leo kwa kitambo kidogo ilikuwa nzuri."

Nusu Saa akaegemeza paji la uso kwenye ukuta wa korido. Watu walipita nyuma yake na vikombe vya chai.

"Fundi, nina swali. Niliwahi kukuuliza, nikakimbia."

"Uliza."

"Nikuoe?"

Akanyamaza. Naye Fundi akanyamaza.

Mkono wa Nusu Saa ukaingia mfukoni, ukaikuta kalamu, ukaiacha. Maneno kumi yalimjia ya kujaza lile pengo, ya utani, ya kujitetea, ya kumpa njia ya kutokea; akayameza moja baada ya jingine. Akasikia mkasi wa mama ukikata kitambaa, kisha nao ukaacha. Sekunde kumi na moja zikapita, akaziacha zipite. Akasikia gari likirudi kinyumenyume mahali fulani huko, akasikia pumzi ya Fundi, akagundua kwamba hakuwa amewahi kuisikia pumzi ya mtu yeyote kwenye simu.

"Bado upo?" Fundi akauliza mwishowe.

"Nipo."

"Mbona husemi kitu?"

"Ilikuwa bado inalia."

Fundi akacheka, kicheko chenye maji ndani yake.

"Ndiyo," akasema. "Umesikia? Nimesema ndiyo. Na tochi utaishika wewe."