Majiko Mawili Ndani ya Boti Moja

"Hesabu tena."

"Nimeshahesabu, shangazi. Mawili."

"Hesabu kwa kidole, siyo kwa macho. Macho ya mchumba huona yanachotaka."

Verdiana akaweka kidole juu ya karatasi yenye mchoro wa boti. Jiko moja hapa, karibu na usukani. Jiko lingine kule nyuma kabisa, ndani ya chumba kidogo chenye mlango wake, dirisha lake na kitanda chake. Sehemu nyingine zote za boti zilikuwa zimeandikwa majina kwa penseli: INJINI, MIZIGO, ABIRIA, SISI. Kile chumba cha nyuma hakikuandikwa kitu.

Shangazi Eufrazia, dada wa marehemu baba yake, alinusa ugoro, akapiga chafya, akafuta pua kwa pembe ya kitenge.

"Mwanangu, shule niliishia darasa la tatu, lakini hesabu hii naijua. Nyumba yenye majiko mawili ina wake wawili."

"Telesphor ni Mkatoliki! Tangazo letu la kwanza la ndoa limesomwa Jumapili."

"Limesomwa wapi? Kanisani, nchi kavu. Wa kanisani atalala mbele, wa ziwani atalala nyuma. Padri hajui kuogelea."

"Shangazi!"

"Nisomee tena hiyo barua. Polepole, usiruke yale ya mapenzi."

Verdiana akasoma:

"Mpenzi Verdiana, salamu nyingi kama dagaa wa Ikola. Boti imefika mbavu. Kabla sijapiga mbao za ndani nataka uchague wewe, maana ndiwe utakayeishi humo tukibeba abiria na mizigo wiki nzima. Sitaki mke wa kumwacha mwaloni, ufukweni, anahesabu mawimbi. Nimechora namna tatu. Ya kwanza, chumba chetu kiwe mbele: hewa safi, lakini wimbi likipiga mtu anaruka kitandani kama bisi. Ya pili, kiwe juu ya injini: hakuyumbi sana, ila joto na harufu ya dizeli. Ya tatu, kiwe juu ya paa: utaliona ziwa lote, lakini juu ndiko kunakoyumba kuliko kote. Nijibu upesi, mbao zinanisubiri. Wako wa ubavuni, Telesphor."

"Na hicho cha nyuma?"

"Hakusema kitu. Lakini kipo kwenye michoro yote mitatu. Chetu kinahama, hicho hakihami."

"Umeona? Wewe unahamishwahamishwa kama kuku wa mgeni, mwenzio katulia." Shangazi akatikisa kichwa. "Na mimi nilimpenda yule kijana! Mtu aliyeruka kwenye jaruba la mpunga na suruali mpya ili asikutane na mama mkwe njiani, akazama matope mpaka magotini, nikasema huyu ana adabu. Kumbe adabu ni ya nchi kavu!"

Nyuma ya ukuta wa jikoni kukasikika kikohozi. Alikuwa Emerensiana, mama yake Verdiana, akipepeta mchele. Alikuwa na kifua kibovu na goti bovu zaidi, na katika watoto watano aliowazaa alibaki na huyu mmoja. Verdiana hakuwa amemwambia mtu, lakini hofu yake haikuanza na barua. Tangu posa ipokelewe alikuwa halali vizuri. Akiolewa huko Ikola, siku mbili kwa lori kutoka kijijini kwao Mamba, mama ataamshwa na nani? Atachotewa maji na nani? Bi harusi habebi mama yake kama begi. Jambo hilo haliombwi. Kwa hiyo alikuwa amelimeza, likamkaa kifuani kama mwiba wa samaki. Sasa juu yake kaongezewa majiko mawili.

"Verdi," mama akaita kutoka huko nyuma.

"Abee mama."

"Karatasi haina harufu. Nenda ukainuse boti yenyewe. Nenda na wifi yangu, mdomo wake utawafukuza fisi."

"Nimekusikia, Emerensiana!"

"Nilitaka unisikie."

*

Walipanda lori la mpunga hadi Mpanda, na kesho yake lori la sabuni na chumvi hadi ziwani. Njia nzima Verdiana alishika ile karatasi ndani ya blauzi, ikalowa jasho mpaka penseli ikamchora kifuani. Jumapili mbili tu zilibaki. Tangazo la tatu likishasomwa, kumkataa mtu ni kashfa ya tarafa nzima.

Mwaloni Ikola dagaa walikuwa wameanikwa mchangani mpaka hakuna pa kukanyaga. Boti ilikaa juu ya magogo, kubwa, nyekundu kwa mbao mpya za mninga, mbavu zake bado nje isipokuwa nyuma palipokwisha kupigwa mbao. Verdiana aliiangalia, moyo ukataka kufurahi, akaukataza. Akapanda ngazi, moja kwa moja hadi nyuma.

Ndani ya chumba kisicho na jina alikuwamo mwanamke, tena mzuri. Kakaa chini na sindano mdomoni, anapima kitambaa kwenye dirisha.

"Karibu, dada," mwanamke akasema kwa lafudhi ya Kirundi.

"We nani?"

"Donatille. Nashona mapazia."

"Ya chumba hiki?"

"Nimeanza na hiki. Fundi amesema hiki ndicho kiishe kwanza, tena kiwe kizuri kuliko vyote. Kitanda kiwe chini. Mlango uwe mpana. Pazia liwe zito, mwenyewe hapendi upepo." Akacheka. "Huyo mtu anapendwa, dada! Fundi kapiga randa kizingiti mara tatu, eti asije akajikwaa."

Verdiana akashika ubavu wa boti.

"Ni wewe?"

"Mimi nini?"

"Ni wewe mwenye chumba?"

Donatille akatoa sindano mdomoni. "Mimi nina mume na watoto wanne, na maji naogopa hata ya kuoga. Muulize fundi mwenyewe, ndiye mwenye boti."

Mwenye boti alikuwa ameshafika, nyundo mkononi, vumbi la mbao kwenye nyusi. Alitabasamu mpaka masikioni.

"Verdiana! Shangazi, shikamoo! Mbona hamkuandika mnakuja?"

"Marahaba," Shangazi akajibu kwa baridi. "Wanaotoa taarifa hukuta nyumba imefagiliwa."

Verdiana akaitoa karatasi. "Telesphor. Jiko hili la nani?"

Tabasamu likaanguka.

"Hilo... hilo la chumba hicho."

"Chumba cha nani?"

Telesphor akaangalia vidole vya miguu yake.

"Nimekuuliza cha nani!"

"Siwezi kumtaja."

"Huwezi kumtaja!"

"Verdi, taratibu, mafundi wanasikia."

"Wasikie! Unataka nichague pa kulala, mbele niruke kama bisi, juu nipepesuke kama bendera, na hapa umemtengenezea mtu kizingiti mara tatu! Mtaje!"

"Nikimtaja ni aibu."

"Aibu kwa nani?"

"Kwangu. Kwake. Kwako pia."

"Basi niambie kitu kimoja tu. Ni mwanamke?"

"Ni mwanamke."

Verdiana alivua ile pete ya shaba aliyovishwa siku ya posa. Ilikataa kutoka, vidole vilikuwa vimevimba kwa safari. Akaivuta huku analia, na pete ikazidi kung'ang'ania, kitu ambacho kilimuongezea hasira.

"Shangazi, nisaidie kuivua!"

"Mate, mwanangu. Tia mate."

"Shangazi, usimsaidie!" Telesphor akatupa nyundo chini. "Nitasemaje, jamani? Nifunzeni nyie wakubwa nitasemaje! Ni mtu ambaye nikimwona njiani lazima niingie porini. Hata kama njiani pamekauka na porini kuna matope!"

Shangazi Eufrazia akaganda na mkono wa Verdiana mkononi. Akamtazama Telesphor. Akatazama kitanda cha chini. Akatazama kizingiti. Halafu akakaa juu ya rundo la mbao na kuanza kucheka, kicheko cha kutoka tumboni, mpaka ugoro ukamwagika.

"Unacheka nini, shangazi? Mimi nakufa!"

"Goti, Verdiana! Nani ana goti?"

Upepo ukapiga pazia la Donatille. Verdiana akaacha kuvuta pete.

"Mama?"

Telesphor akageuka upande wa ziwa, kwa heshima, kana kwamba mama mkwe mwenyewe kaingia. Akasema na maji:

"Siku ile nilipokuwa kwenye jaruba, nilimsikia akipita. Hatua tatu, anasimama, anakohoa. Hatua tatu, anasimama. Na wewe umemshika mkono. Nikajiuliza, nikimchukua huyu, yule atashikwa mkono na nani?"

"Mbona hukuandika?"

"Niandike jina lake kwenye karatasi inayopita mikononi mwa madereva wawili? Mkwe wangu, asiyetajwa jina? Nilijua ukiona chumba kisicho na jina utaelewa."

"Nielewe! Na jiko?"

"Verdi, anaweza kula chungu kimoja na mimi?"

"Hawezi," Shangazi akajibu badala yake, akifuta machozi. "Hata harufu ya kijiko cha mkwe itamkosesha usingizi. Lakini mwanangu, utakaaje na mama mkwe kwenye boti moja? Ziwani hakuna pori la kuingilia."

"Nimelipanga hilo miezi minne, shangazi. Injini inakaa katikati, ndiyo ukuta. Mlango wake uko nyuma, wangu uko mbele. Na mshika usukani anatazama mbele siku zote, akigeuka nyuma anagonga mwamba. Hatutaonana mpaka kiama."

Verdiana alitaka kusema kitu kizito. Kikatoka kidogo tu: "Hata mimi sikuthubutu kuliomba hilo."

"Ndiyo maana hukuombwa kuomba."

Donatille akajifanya anatafuta uzi.

Halafu Verdiana akafuta uso kwa kiganja, akatembea ndani ya boti kutoka nyuma hadi mbele. Alilala chali kwenye mbao za kila mahali, Telesphor na mafundi wanne wakining'inia ubavuni kuitikisa boti juu ya magogo. Juu ya injini akasikia dizeli ya mitungi, akaziba pua. Kutoka kwenye mbao za paa lililoanzwa alishuka haraka, uso umepauka, na boti ilikuwa bado iko nchi kavu.

"Nimechagua," akasema. "Yeye abaki nyuma, ndiko kusikoruka. Na dirisha lingine litobolewe upande wa pili, moshi wa jiko upate pa kutokea, kifua chake hakiwezi moshi. Sisi tukae mbele."

"Mbele utaruka, Verdi."

Shangazi akadakia: "Mwache. Nyie bado mna umri wa kuruka."

*

Lakini mwenye goti alikuwa hajaulizwa, na Verdiana alirudi Mamba na hofu mpya. Mama alisikiliza habari yote akichambua mchele, hakuinua kichwa.

"Mimi? Nikae kwenye maji na mkwe? Watu watasema Emerensiana kaolewa pamoja na binti yake."

"Mama, hamtaonana."

"Nina shamba."

"Shangazi atalilima."

"Wifi yangu? Atalima kwa mdomo." Akatoa kijiwe kwenye ungo, akakitupa mbali. "Nimezika wanne kwenye udongo huu. Niwaache?"

Jumapili ya pili ikapita. Ya tatu, tangazo la mwisho likasomwa, na njia nzima kutoka kanisani mama alitembea hatua tatu, anasimama, anakohoa. Verdiana alimshika mkono, akiapa moyoni kwamba hatakwenda popote, pete na ivuliwe hata kwa msumeno.

Walipofika penye lile jaruba, mama akasimama muda mrefu kuliko kawaida. Mpunga ulikuwa umeshavunwa, matope yamekauka yakapasuka.

"Ni hapa aliporuka?"

"Ni hapa, mama."

"Na suruali mpya." Akakohoa. Halafu: "Huo mlango wangu unafungukia ndani au nje?"

"Ndani, mama."

"Mwambieni aubadilishe ufungukie nje. Goti langu halirudi nyuma. Na nitarudi hapa kila mavuno, kuwasalimia wanangu."

*

Harusi ilifungwa Mamba, pombe ikanyweka, Shangazi akacheza mpaka kiatu kikapotea. Safari ya kwanza ilikuwa kutoka Ikola kwenda Kapalamsenga, na abiria tisa. Mbele Telesphor kashika usukani, shingo imekakamaa kama nguzo. Nyuma mama mkwe nyuma ya pazia zito. Katikati injini inaunguruma, na Verdiana anakimbia huku na huku kama mkalimani, sauti imekauka.

"Mama anauliza kama tumekaribia!"

"Mwambie bado!"

"Anasema bado, mama!"

Ghafla injini ikakohoa mara mbili, ikazimika.

Ziwa likawa kimya. Ukuta wa heshima ulikuwa umeanguka, kila mtu akimsikia mwenzake akipumua. Abiria wakaanza kunong'ona sala. Boti ikaanza kugeuka ubavu kwa wimbi. Verdiana akafungua mdomo, sauti haikutoka kabisa.

Ndipo kutoka nyuma ya pazia ikasikika sauti:

"We jiko. Nasema na wewe, jiko langu. Mwambie mwenzio wa kule mbele, abiria wanataka kujua kama tunakufa."

Telesphor alitoka jasho. Akainama mbele ya jiko lake kwa adabu zote.

"Jiko, mwambie mwenzio wa nyuma, bomba la mafuta limeingia taka. Nalipuliza sasa hivi. Hafi mtu."

"Jiko, mwambie sawa. Na mwambie chumba ni kizuri. Sikujikwaa."

Telesphor akafungua bomba. "Jiko, mwambie asante."

"Jiko, muulize anakula nini huko? Huyo binti tangu utoto anaunguza wali. Nimepika mwingi."

Abiria wote tisa wakapasuka kicheko, hata waliokuwa katikati ya Salamu Maria. Verdiana akakaa kwenye mbao kati ya majiko yake mawili, akacheka na kulia bila sauti. Pete kidoleni sasa ilikuwa imelegea, ikizunguka.

Telesphor akapuliza bomba, akafuta mdomo, akasimama kuwasha injini.

"Jiko," sauti ya nyuma ikasema upesi, "mwambie asiwashe kwanza. Ndiyo kwanza tunaanza kuzoeana."