Isabela wa Shimo la Chokaa

Ilianza alama ndogo tu, kama kiganja, ukutani chumbani kwa Baltazari. Nikaipaka chokaa. Mimi huyu, nikipaka ukuta jua la Lisboa linafumba macho! Kufika mchana imerudi, mbichi, inanuka maiti.

"Mkono umelegea, fundi," Baltazari akanicheka. "Kapake mabanda ya nguruwe."

"Na wewe kamvishe Mfalme soksi!"

Baltazari aliletwa na meli, mtumwa, yeye na mama yake. Akapanda, akapanda, mpaka akawa bawabu wa chumba cha Mfalme, na upanga kiunoni. Makabaila elfu saba walimwinamia, maana asipotangaza jina lako, huingii. Mama yake, Isabela, akabaki mtumwa wa jikoni mle mle jumbani kwa Mfalme. Kafa Jumatatu. Baltazari akaomba kaburi. Mfalme akasema mtumwa hazikwi. Wakamtupa Shimo la Weusi, wanakotupwa watumwa, wakammwagia chokaa kama panya, na mwanawe yuko mlangoni, anawainamia wageni!

Alama zikawa kumi. Nikamwita Inasia, muuza samaki, mganga wetu sisi weusi, ametoa mashetani mia tatu kwa pumzi moja. Kanusa ukuta, katema mate.

"Ni mama yako," akamnong'oneza Baltazari. "Nikimfukuza, anarudi shimoni milele. Nisipomfukuza, mwanangu, wakimwona hapa watakuchoma moto wewe kwa uchawi."

"Anataka nini?"

"Anamtaka aliyemnyima kaburi. Lakini kafa mtumwa. Mlango wa bwana hapiti mpaka afunguliwe."

Hapo hapo, adhuhuri, jumba zima limelala kwa joto, kucha zikakwaruza ndani ya ukuta, chokaa ikapasuka, ukatoka mkono, ukatoka uso usio na macho, maana chokaa imeyala, akasimama katikati ya chumba anachuruzika maji meupe, na mimi, niliyewahi kukaba simba watano, nikajikojolea.

Inasia akainua dawa yake. Baltazari akamshika mkono.

"Acha, Inasia."

"Utakufa, Baltazari!"

"Nimeinama vya kutosha."

Akatangulia ukumbini, mama yake nyuma, nyayo chwa, chwa, chwa. Mlangoni kwa Mfalme akagonga fimbo yake ya ubawabu sakafuni mara tatu, akatoa sauti iliyovunja vioo mpaka ng'ambo ya mto:

"Bibi Isabela, mama mzazi wa Baltazari, anaingia!"

Akafungua.

"Nani huyo?" Mfalme akauliza kitandani.

Baltazari akafunga mlango kwa nje.