Zikifika Mia

Saa 3:10 asubuhi.

Chumba cha nyuma cha mashine ya kukoboa mpunga, Ifakara. Mashine inanguruma, wa nje hasikii kitu. Vumbi la pumba limewaganda mpaka kwenye kope.

Walikuwa watatu. Amedeus, mwenye mpango. Brigitha, dereva. Na mzee Fulgensi, fundi bodi wa magari, amekaa juu ya gunia kivyake.

"Rudia, mzee," Amedeus alisema.

"Gari la umeme la yule tajiri wa mpunga liligonga ng'ombe kule kijijini Mbingu. Nimelinyoosha. Nimebadilisha bampa na kioo cha mbele. Limebaki la kamera tu, kuziweka upya. Nazifuta kumbukumbu, halafu naliendesha kwenye lami yenye mistari, mwendo mmoja, mpaka zijifunze barabara. Skrini inaandika asilimia. Zikifika mia, gari ni zima."

"Zisipofika?"

"Litapiga kelele njia nzima, na mnunuzi wako hatalitaka. Huko ng'ambo ya mto lami ikiisha hakuna mistari. Ni hapa au basi."

"Laini yake ya mtandao?"

"Niliitoa juzi."

"Na hizo kamera zikifutwa, zinatuona?"

"Zinakuwa kama mtoto mchanga."

Amedeus akacheka. Alielewa kuwa ni vipofu. Fulgensi hakumsahihisha. Mtoto mchanga hutazama sana, ila hajui anachotazama. Picha zote zingeingia kwenye flashi ya gari, hata za kamera ndogo inayotazama ndani. Hiyo flashi angeichomoa mwenyewe na kuitupa mtoni. Alitaka awafanyie hilo bila kuombwa, kama mtu anavyowafanyia watu wa nyumbani kwake.

"Halafu tunakwenda wote?" aliuliza.

"Wote, mzee. Nyumba ya Mahenge ina vyumba vitatu. Brigitha atatupikia."

"Nani kakwambia mimi napika," Brigitha alisema. Hakumtazama mzee.

Mwaka wa nne huo tangu mkewe Levina afariki, Fulgensi anapika wali wa mtu mmoja. Kikombe kimoja cha mchele hakiivi vizuri. Kinashika chini, juu bado kiini.

Saa 4:25.

Gereji. Adolf, dereva wa tajiri, alikuwa ndani ya gari.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Shuka, baba. Gari linatakiwa liwe tupu. Ukikaa wewe linainama, kamera zinapima vibaya."

Ulikuwa uongo. Adolf akashuka, akamwachia kadi ya kuwashia. Nani amwogope mzee Fulgensi?

"Nikuwekee chai?"

"Niwekee," Fulgensi alisema, akawasha gari.

Saa 4:40.

Njia ya Kivukoni. Brigitha na Amedeus walikuwa wanangoja kwenye kalavati. Brigitha akakaa mbele, Amedeus nyuma. Skrini: thelathini na moja.

Gari halina mlio. Mashamba ya mpunga yalipita pande zote mbili, na ndani hakuna aliyesema neno. Kimya kile Fulgensi alikijua. Kilikuwa cha kwake. Ila leo kulikuwa na pumzi za watu wengine, akashika usukani vizuri, asiyumbe.

Wakaenda mpaka karibu na daraja, wakageuza. Hamsini na nne. Wakarudi mpaka kalavati, wakageuza tena.

"Huyo kijana ataanza kutafuta gari lake," Amedeus alisema. "Ongeza mwendo."

"Nikiongeza zinaanza upya."

Saa 5:15.

Tisini na moja. Brigitha alikuwa anang'ata kucha.

"Baba," alisema. Hajawahi kumwita hivyo. "Kwani lazima ifike mia?"

"Lazima."

"Hata ukiishia tisini na tano?"

"Kazi haiachwi tisini na tano, mwanangu."

"Brigitha, funga mdomo," Amedeus alisema kutoka nyuma.

Brigitha akageuzia uso dirishani.

Saa 5:20.

Darajani. Mia. Skrini ikageuka kijani. Fulgensi akafungua kidroo, akachomoa flashi, akaificha kiganjani. Alitaka kufungua dirisha aitupe.

"Simamisha," Amedeus alisema. "Brigitha, shika usukani."

Fulgensi alidhani ni zamu tu. Akashuka, akaiacha kadi, akazungukia mlango wa nyuma. Haukufunguka. Akagonga kioo. Amedeus akakishusha kidogo.

"Rudi nyumbani, mzee."

"Ulisema wote."

"Vyumba ni viwili."

Kioo kikapanda. Brigitha hakugeuka. Gari likaondoka bila sauti, kama halikuwepo. Hakuna aliyemuuliza ameshika nini.

Saa 6:10 mchana.

Adolf alifika na bodaboda, nyuma yake amekaa askari. Fulgensi alikuwa amekaa chini, kaegemea ukingo wa daraja. Chini yake wavuvi walikuwa wanakung'uta nyavu, wanataniana.

"Mzee, gari liko wapi?" Safari hii Adolf hakumwamkia.

"Linakwenda Mahenge. Lina watu wawili." Akafungua kiganja. "Sura zao zimo humu. Na sauti."

Askari akapiga simu Mahenge, njia ifungwe. Kisha akaigeuzageuza ile flashi.

"Na yako imo?"

"Ya kwanza kabisa."

"Sasa mzee, maji yote haya hapa chini. Si ungeitupa?"

Fulgensi akatazama ng'ambo. Vumbi lilikwishatulia.

"Nikuulize, afande," alisema. "Kule mahabusu kila mtu anakula na sahani yake, au mnawapa sinia moja?"