Siku Ambayo Libérata Hakuiona

Mu soko la Kashebere, siku ya magari mengi, beseni ya maharagwe ya Libérata ilipinduka mbele ya pikipiki ya kubeba watu. Honoré, kijana wa koti la ngozi na buti za plastiki zenye matope, akashuka, akaanza kuokota moja moja.

"Utamaliza mwaka gani, kaka?" Libérata akamucheka. Alivaa kitenge cha buluu chenye ndege wa manjano, kimemukaa vizuri.

"Nikimaliza mbio, nitakuangalia wapi tena, dada?"

Tangu pale simu haikupoa.

"Sheri, mupenzi wangu, umekula?"

"Nimekula, ila sauti yako bado sijaishiba."

Kwao Libérata, kule Bihambwe, watu wakaanza kuuliza mahari italetwa lini.

Halafu mama yake Libérata akafa. Libérata njo alikuwa mukubwa wa nyumba, na wadogo zake walikuwa wanamuangalia uso. Shangazi Agathe akamuambia, "Usilie, mwanangu. Ukianguka weye, nani atawasimamisha?" Akakaza meno. Akapokea wageni, akagawa chai, akafika mpaka kaburini bila kutoa chozi. Lakini anayezuia mulango kwa mabega yote mawili hana mukono wa kupokea mugeni.

Matanga yalipoisha, Honoré akapiga simu.

"Sheri, umeamkaje?"

"Usiniite sheri! Mama yangu amezikwa, na weye haukufika."

"Libérata! Nilifika. Nilibeba jeneza. Nilikushika mukono."

"Kumbe weye ni muongo pia!"

Akakata. Honoré hakupiga tena. Miezi ikapita, na Libérata akalisha hasira yake vizuri, ikanenepa.

Siku moja, wakichambua maharagwe, mudogo wake Fifi akauliza, "Dada, tulimuimbia mama wimbo gani pale kaburini?"

Libérata akatafuta mu kichwa. Hakuna. Akakuta tu taya zinamuuma.

"Sijui. Nani aliuanzisha?"

Fifi akamukodolea macho. "Si weye, dada!"

Mikono ya Libérata ikasimama juu ya ungo. Kama nimepoteza wimbo uliotoka mu kinywa changu mwenyewe, akawaza, mukono wa muntu aliyenishika je?

Usiku akamuomba Mungu amurudishie siku ile. Haikurudi. Asubuhi akachukua njia ya Kashebere.

Alimukuta Honoré mutoni, anaosha pikipiki.

"Mama, unatafuta wa kukubeba?" akauliza, bila kuinua kichwa.

"Natafuta muntu aliyemuzika mama yangu."

"Huyo ulimuita muongo."

"Na hata sasa sikumbuki, Honoré. Nikitafuta, sikuoni pale. Lakini nimekuja kukuamini. Unisamehe."

Honoré akakamua kitambaa pole pole, maji yakaisha ndani yake.

"Unataka nini basi?"

"Unipatie siku ile. Yote."

Wakakaa juu ya jiwe. Akamuelezea mvua nyembamba, na pasta aliyefunika Biblia kwa kofia yake, na vidole vya Libérata vilivyokuwa baridi. "Ukaniambia kwa sauti ya chini, 'Usiniachie, watoto wananiangalia.' Nikakushika mpaka udongo ukaisha."

Libérata akalia. Alilia kwa sauti, kitenge mu uso, wapita njia wakigeuka. Honoré akaogopa.

"Niache?"

"Hapana, sheri, endelea. Leo njo namuzika mama."