Ufunguo wa Akiba

"Korongo, kitabu kimefunguliwa. Kifunge."

Hilke Wassink, jina la kazi Korongo, aliisikia amri sikioni, akaiacha kahawa yake mezani. Maana yake Diederik Stroeve ameingia mjini Zutphen. Kabeba kadi ndogo yenye siri za milango ya kuzuia mafuriko, na adhuhuri ataikabidhi kwa wageni wanaomngoja kwenye mashua, mtoni IJssel.

Hilke alikuwa na kisasi chake.

Msimu wa baridi uliopita kaka yake Gerwin, jasusi mwenzake, alimfuata Stroeve hadi mto huohuo. Akaopolewa maiti. Stroeve aliapa hajawahi kumwona, na ushahidi haukupatikana.

"Yuko wapi?"

"Kanisani, kwenye maktaba ya vitabu vilivyofungwa kwa minyororo," alijibu mkuu wake, Aleida. "Kajichanganya na watalii. Tunamtaka mzima. Umesikia, mdogo wangu?"

"Nimesikia."

"Kusikia si kukubali, Hilke."

Hilke alishika njia ya kanisani. Bastola yake, Walther P99, ilikuwa chini ya koti.

Nje ya kanisa baiskeli zilijaa ukutani. Moja ilimsimamisha. Aina ya Gazelle, imepakwa rangi nyeusi kwa brashi, tena ovyo. Palipochubuka, kijani kilichungulia.

Kijani cha baiskeli ya Gerwin, iliyotoweka siku aliyokufa.

Alitoa ufunguo wa akiba aliotembea nao tangu mazishi, akautia kwenye kufuli la gurudumu la nyuma. Ukazunguka. Kamera iliyofichwa kwenye kifungo cha koti ilinasa yote.

Stroeve mpumbavu! Kaua mtu, halafu roho ikamuuma kutupa baiskeli nzima. Sisi Waholanzi ubahili utatumaliza.

Akalifunga tena. Akatoa kichupa cha gundi mfukoni, akaiminya tunduni.

Stroeve alitoka mbiombio, akainama. Ufunguo ukagoma. Mashua ilikuwa karibu, angeweza kukimbia. Lakini aiache baiskeli? Akajaribu tena, anatukana.

"Vipi, bwana?" Hilke aliuliza.

"Wahuni wamenitilia gundi! Mji umeoza huu."

"Pole. Baiskeli nzuri. Umeitoa wapi?"

"Yangu hii, tangu ujana."

Hilke alimwonyesha ufunguo. "Mbona pacha wa ufunguo wako ninao mimi?"

Mkono wa Stroeve uliruka mfukoni. Hilke aliudaka, akauvunja. Bastola ikamkaa kidevuni.

"Ilikuwa kazi tu, dada..."

"Usiniite dada. Aliyeniita hivyo ulimzamisha."

Kidole kilikaa kwenye kifyatulio. Alitaka kumuua, alitaka kwa moyo wake wote.

"Hilke," Aleida alinong'ona sikioni. "Wa mashuani tumewakamata. Huyo mwache aishi."

Hilke aliondoa kidole. Maiti hajui aibu. Huyu ataijua, mbele ya mama yake na Gerwin, mahakamani. Akachomoa kadi mfukoni mwa Stroeve, akamfunga pingu kwenye baiskeli.

Askari walifika. "Na baiskeli tuibebe?"

"Ni ushahidi. Kesi ikiisha, mama anaitaka."

Akavaa miwani ya jua, akaondoka kwa miguu.